Meza Isiyotaka Kazi

Meza iliingia Gatina, mtaa wetu wa Kawangware, ikiwa imelala chali juu ya mkokoteni, miguu yote hewani, na watoto wa ploti wakiifuata nyuma wakiuliza ni nani anayehamia. Ilitoka Lavington, ambako ukitoka Kawangware unafika kwa miguu kabla jasho halijatoka, kwenye nyumba ambayo mke wangu alikuwa akifua na kupiga pasi. Wenye nyumba walikuwa wanarudi kwao Ulaya na walikuwa wakigawa vitu. Mpishi akapata friji. Askari wa lango akapata baiskeli ya mtoto. Mke wangu, ambaye macho yake yalikuwa kwenye maikrowevu tangu siku ya kwanza ya kazi, akapata meza: urefu futi 4, upana inchi 14, kimo sentimita 80, ubao mweupe juu, rafu moja chini, na droo ya kuficha hata kijiko haikuwa nayo.

"Sasa hii ni ya kuweka nini?" nikauliza.

"Ya kuweka vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu vizuri, Baba Junior."

Mafundi wanaopanga makochi na vitanda kando ya Ngong Road huiita konsoli, na ukiwaonyesha picha kwenye simu watakuchongea ya saiprasi au ya mahogani. Asili yake ni kwa matajiri. Huko Ufaransa katika karne ya 18 nyingi zilikuwa na miguu ya mbele tu, nyuma zimeshikizwa ukutani, na kazi yao ilikuwa kubeba saa, chombo cha maua na heshima ya mwenye nyumba, kioo kirefu kikiwa juu ili mgeni ajione amefika mahali. Hakuna aliyekula hapo wala kuandika barua. Hata wembamba wake una sababu: meza hii husimama mahali pa kupita, ukumbini au kwenye ujia, na haitakiwi kuziba njia. Kule Lavington ilikaa karibu na mlango wa mbele ikiwa na bakuli la funguo. Kwetu hakuna mahali pa kupita. Ukivuka kizingiti umeshafika, na ukiongeza hatua moja uko kitandani.

Chumba ni 10 kwa 10, kipimo ambacho Kawangware na Kibera hakihitaji kutajiwa futi. Mita 3 hivi kila upande. Kitanda nyuma ya pazia, kochi mbele ya pazia, stuli katikati, TV kwenye kona, na nyuma ya mlango ndiyo jikoni: mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko kichwani, ndoo ya vyombo, jerikani za maji. Kila inchi ina mwenyewe. Kwa hiyo meza ilipoingia, kitu kimoja kilibidi kitoke, na kilichotoka ni kiti changu, kile cha mtu mmoja chenye kitambaa cha kusokotwa mgongoni. Kwa kuwa mkokoteni ulikuwa bado mlangoni na mwenyewe alikuwa anarudi upande wa soko la Toi, kiti kikapakiwa humo humo: Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, Ngong Road hadi Adams, kisha Barabara ya Joseph Kang'ethe kupitia Woodley hadi Makina, Kibera, nyumbani kwa shangazi yangu, dada yake marehemu baba.

Shangazi alikipokea bila kuuliza neno. Simu yake ilinifikia alfajiri ya siku iliyofuata.

"Mwanangu, umefukuzwa?"

Nikamweleza habari za meza. Akanyamaza muda ambao kwa kawaida hautumii kunyamaza, kwa sababu salio ni lake.

"Na hiyo meza," akasema, "inalipa kodi ngapi?"

Yote haya yalikuwa na chanzo chake. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Vihiga kuwaona wajukuu. Asingelala kwetu, maana kwa sisi Waluhya mama mkwe na mume wa bintiye hawabanani chumba kimoja, achilia mbali hicho chenye pazia. Angelala kwa shemeji yangu, kule Congo, upande wa pili wa Kawangware. Lakini mchana angekuja kuketi. Na mke wangu, ambaye mama yake hakuwahi kuiona nyumba yake ya Nairobi, alitaka macho ya mama yatue mahali fulani kabla hayajafika kwenye jerikani.

Alijifunza kwenye video za simu. Nilizisikiliza nikiwa nyuma ya pazia, na sitazidharau, kwa sababu zilikuwa na hesabu zake. Kioo kiwe kama theluthi mbili za urefu wa meza. Kitu kirefu kikae nyuma, kifupi mbele. Vitu vipangwe kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, vitatu au vitano, kwa kuwa jicho likiona viwili huvilinganisha halafu linachoka. Taa upande mmoja, uzito upande mwingine. Kapu chini. Na paachwe nafasi tupu, walisisitiza sana nafasi tupu, jambo ambalo mtu mwenye chumba cha 10 kwa 10 husikiliza jinsi mwenye njaa anavyosikiliza habari za mfungo.

Akaenda Kibera kununua. Toi ni soko lililochomwa likawa majivu katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, likasimama tena, likaungua tena miaka ya baadaye, na bado ukienda leo utapata kitu ambacho hukujua unakitafuta. Alipata kioo cha mitumba chenye fremu ya rangi ya dhahabu, chombo cha maua cha kijivu, taa ndogo ya meza. Kwa wale mafundi wa Kibera wanaochonga mifupa na pembe za ng'ombe, mifupa ambayo machinjioni ni takataka, alinunua kibakuli cheupe kilichong'arishwa mpaka usingejua kiliwahi kutembea. Maua hakununua. Alikata magugu marefu makavu kando ya reli, yale yenye manyoya kichwani, akisema ndiyo yaliyo kwenye video.

Akapitia kwa shangazi kusalimu, na huko akaoneshwa kitu ambacho laiti angekitazama kwa makini zaidi. Mwenye nyumba wa shangazi ni bibi wa Kinubi, mmoja wa wale ambao babu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza, wakakalishwa msituni hapo mwanzoni mwa karne iliyopita wakati Nairobi yenyewe ilikuwa bado mahema na reli. Chumba chake cha wageni hakina meza ya urembo. Urembo wote uko ukutani: vifuniko vya chakula vya kusukwa, vya mviringo, vyekundu na kijani na zambarau, vimepangwa hadi karibu na dari. Sakafu ni ya watu. Huko Lamu walifanya vivyo hivyo kwa chokaa. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali, mita 3 au pungufu. Ukiingiza meza ya mapambo ndani ya chumba kama hicho wageni watakaa mapajani mwa wenyeji. Basi wakachimba zidaka ndani ya ukuta wenyewe, safu juu ya safu, wakaweka humo sahani za China na vyungu vyao. Upana wa Lamu na upana wa Gatina haupishani sana. Ila ukuta wa Lamu ni wa matumbawe, unene wa mkono mzima, na wetu ni mabati.

Turudi kwenye kioo. Kilisafiri kwa bodaboda, katikati ya dereva na mke wangu, uso ukitazama nyuma, na dereva wa matatu aliyekuwa nyuma yao alipiga honi Ngong Road nzima kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa linamrudia machoni. Kilifika kizima. Hapo akaitwa shemeji aje akitundike.

Shemeji hufanya kazi ya mjengo, na mtu wa mjengo hana msumari mdogo. Alikuja na ile ya inchi 4. Ukuta wa mbele na wa nyuma ni mabati yaliyopigiliwa kwenye fremu ya mbao, ndani kadibodi, juu yake shiti ya maua. Ukuta wa kando, huu uliochaguliwa kwa meza, ni plaiwudi tu inayotutenganisha na jirani. Nikamwambia shemeji atafute mbao ya fremu kwanza kwa kugonga na kidole. Akanitazama kwa huruma, akapiga nyundo mara moja, na msumari ukaingia wote bila ubishi.

Jirani ni askari wa usiku. Mchana ndio usiku wake. Tukasikia kitanda kikilia, kisha viatu, kisha mlango.

"Hodi."

"Karibu, jirani."

"Sikaribii. Kujeni nyinyi."

Tukaenda. Msumari ulikuwa umetokea juu ya mto wake, umepita katikati ya kalenda ya kanisa na kutoboa tarehe 5, siku ya kodi.

"Hii ni tarehe gani hii?" akauliza.

"Tano," shemeji akasema.

"Mnataka kuniambia kitu?"

Tukaomba radhi kwa soda na nusu mkate. Kuung'oa msumari kungepasua plaiwudi, kwa hiyo shemeji akaukunja ncha kwa upande wa jirani ili usimchome. Mke wangu naye hakutaka tena kusikia habari za nyundo. Akafungua video nyingine, iliyosema kwamba kioo kikiegemezwa tu ukutani juu ya meza, bila kutundikwa, ndio mtindo wenyewe. Kikaegemezwa.

Kwa jioni moja, nakiri, chumba kilipendeza. Taa iliwashwa, na TV ikazimwa kwa sababu soketi ni moja. Mwanga ukaingia kwenye kioo ukatoka mara mbili, mapazia yakawa mawili, na mtoto wetu mdogo akaenda kumsalimia mtoto mwingine aliyekuwa ukutani. Majirani walichungulia. Keateka wa ploti alichungulia pia akauliza kama hiyo taa iko kwenye hesabu ya stima, maana mwenye ploti hulipa umeme wa wote kwa mita moja na hapendi sura mpya.

Asubuhi, kazi ikaanza kuifuata meza. Kibakuli cha mfupa kikapata chaja, kikapata sarafu za nauli, kikapata dawa ya mende. Mke wangu akaviondoa. Jioni vilikuwa vimerudi pamoja na vitunguu viwili na raba ya shule. Sioni mtu wa kulaumu hapo. Katika nyumba ambayo hakuna pa kuweka kitu, ubao mtupu wa futi 4 huita, na kila anayepita na kitu mkononi huitika bila kujua.

Shangazi akatokea Jumapili baada ya ibada, bila kupiga simu, ambayo ndiyo haki ya shangazi. Alisimama mbele ya meza na mkoba kwapani. Akagusa magugu. Akajitazama kwenye kioo, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akakubali kioo. Kisha akainama akaona rafu ya chini, vyondo viwili vimekaa peke yao bila kitu ndani.

"Bibi yetu, hapa pana nafasi ya jerikani mbili."

"Shangazi, hapo ni pa vikapu."

"Vikapu vina nini?"

"Havina kitu."

"Basi havitaona vibaya."

Wiki hiyo bomba la ploti lilikuwa kavu na maji yalikuwa yakinunuliwa. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeziburuta, kila moja lita 20, akazipanga kwenye rafu zikiwa bado zinatiririka matako, akarudi nyuma kutazama, akaridhika. Mke wangu hakuthubutu kuziondoa mbele yake, na alipoondoka hapakuwa tena na mahali pa kuzirudishia, kwani ule upenyo nyuma ya mlango ulishachukuliwa na magunia ya shangazi aliyoyaacha "kwa muda".

Hapa ni lazima niseme kidogo kuhusu MDF, ambayo ndiyo iliyotengeneza meza hii, kwa faida ya yeyote atakayerithi kitu kutoka Lavington. Si ubao. Ni unga wa nyuzi za mti uliochanganywa na gundi na kukandamizwa kwa joto, ukapakwa rangi ukawa na sura ya kuaminika. Ukiwa mkavu unabeba. Ukinywa maji kupitia ukingo ambao haukupakwa rangi, nyuzi hufura, gundi huachia, na hata ukikauka haurudi ulivyokuwa. Mbao ya saiprasi ikilowa hulalamika kisha husamehe. Rafu yetu ilivimba polepole kuanzia chini ya jerikani, rangi ikapasuka, na mguu mmoja wa nyuma uliokuwa umeshikiliwa na skrubu mbili ukaanza kucheza. Hakuna aliyeuona. Vyondo viliwekwa mbele, vikaficha kila kitu, kama video zilivyoagiza.

Mama mkwe akafika na basi la usiku kutoka Mbale ya Vihiga: gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, na jogoo mwekundu aliyesafiri chini ya kiti miguu ikiwa imefungwa. Mimi nilimsalimia kwa mbali, nikainamisha kichwa, nikaenda kukaa kwa kinyozi anayetazamana na mlango wetu. Yaliyofuata nayasimulia kwa masikio yangu, kwa ushahidi wa shemeji, na kwa malalamiko ya jirani.

Mama mkwe aliketi kwenye kochi. Akaitazama meza kwa adabu, kwa muda mrefu. Macho yakapanda hadi kwenye magugu.

"Mnafuga?" akauliza.

"Hapana, Mama. Ni urembo."

"Ah." Akanywa chai.

Jogoo alikuwa na kiu. Junior akaambiwa amfungue miguu anywe, na mtoto wa Nairobi, ambaye kuku amemzoea akiwa kwenye sufuria, akamfungua na kumwachilia kabisa. Jogoo akanywa, akajinyoosha, akatafuta mahali pa juu. Kuku hulala juu; hilo hafundishwi. Mahali pa juu palipokuwa wazi, pamewekewa nafasi tupu kwa makusudi, ni pale juu ya meza. Akaruka. Akageuka. Na mbele yake, ndani ya fremu ya dhahabu, akamkuta jogoo mwekundu wa kimo chake, amesimama kwenye meza hiyo hiyo, bila dalili ya kutaka kuondoka.

Jogoo hajui kioo. Alivimbisha manyoya ya shingo, yule naye akavimbisha. Akashusha kichwa, yule akashusha. Hapo nikasikia mke wangu akiita jina la Yesu. Teke la kwanza lilikwenda na chombo cha maua. La pili liligonga kioo, kioo kikateleza mbele, jogoo akaona adui anamjia, akapanda naye hewani. Wote wawili waliposhuka kwa uzito mmoja, mguu wa nyuma ukaachia. Meza ikainama upande wa jerikani. Taa, kibakuli, sarafu, vitunguu na dawa ya mende vikaelekea sakafuni kwa utaratibu, vikifuatwa na kioo, na kioo hakikuwa na bahati ya Ngong Road.

Upande wa pili wa plaiwudi kalenda ilianguka usoni mwa askari wa usiku. Nilimwona akitoka na rungu.

Ndani, mama mkwe alikuwa bado ameshika kikombe. Shemeji anaapa kwamba kitu pekee alichosema ni, "Huyu nilitaka kuwaachia afuge. Sasa tumle." Jogoo alichinjwa kabla ya saa sita. Waliketi chini kwenye mkeka, chumba kikiwa wazi kwa mara ya kwanza tangu meza iingie, na vicheko vyao vilinifikia kwa kinyozi mpaka yule kijana mwenye mashine akazima redio asikilize. Filigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba, niliipelekewa huko huko ikiwa imefunikwa na sahani. Jirani alipelekewa paja. Kuhusu msumari, tulimwahidi jirani kwamba shemeji angekuja kuukata, akakataa: alikuwa ameshautundikia koti lake la kazi. Kwa upande wetu, kichwa cha msumari kinashikilia kifuniko kimoja cha Kinubi, chekundu na kijani, ambacho bibi wa Makina alimuuzia mke wangu kwa bei ya majirani.

Meza ilikatwa rafu iliyooza, ikapigiliwa mbao ya saiprasi kwa chini, ikapanda mkokoteni kwenda Kibera. Shangazi alikuwa ameomba yeye mwenyewe, tena kwa simu ya alfajiri. Biashara yake ya mboga ilikuwa ikikaa juu ya gunia chini, na wateja wa Makina siku hizi hawapendi kuinama.

Nilikwenda mwezi uliofuata kuchukua kiti changu. Alikuwa ameiweka meza imegusa ukuta wa nje, kando ya mlango, kwenye kichochoro ambacho watu hupita kuanzia giza la asubuhi hadi giza la usiku, na inchi 14 zilimwachia mtu mwenye ndoo kichwani nafasi ya kupita bila kugusana na yeyote. Sukuma wiki zimesimama nyuma, ndefu. Vitunguu kwenye kibakuli cha mfupa. Mbele, nyanya kwa mafungu, tatu chini moja juu, na katikati ya fungu na fungu ubao mweupe mtupu. Mke wangu alisimama akatazama.

"Shangazi, nani amekufundisha kupanga hivi?"

"Kupanga nini? Hizo ni nyanya za kumi kumi." Akamgeukia mteja, akampimia kwa macho, akamwongezea moja ndogo.

Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, kitambaa cha kusokotwa kikiwa kimefuliwa. Nikasema nimekuja kukichukua, kwa kuwa sasa kina nafasi.

"Mwanangu," akasema, "meza umeniletea. Nyuma ya meza mtu anasimama siku nzima?"

Nikajibu kwamba mimi nyumbani nakalia jerikani.

"Leta basi hiyo jerikani," akasema, na kumkabidhi mke wangu fungu la nyanya, "bomba la hapo nyuma linatoka leo."